Binti Anaposema Anataka Kusoma Siasa



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotoka, na wakati wa kuchagua masomo ya chuo kikuu unapowadia, nyumba zetu huingia katika mashauri. Mtoto akitaja udaktari, nyuso hung'aa. Akitaja uhandisi, sheria au ualimu, wazazi huridhika. Lakini akisema anataka kusoma sayansi ya siasa, seuze akiwa mtoto wa kike, watu hutazamana. Kisha huanza maneno: siasa ni uongo, siasa ni fitina, mwanamke na majukwaa wapi na wapi, na kazi yenyewe ataipata wapi?

Hofu hiyo hatuidharau. Wazazi wetu wameshuhudia kampeni nyingi. Wameona vijana wakigawiwa vijisenti ili wafanye fujo, na jirani akihasimiana na jirani kwa ajili ya mgombea ambaye baada ya kura hakuonekana tena mtaani. Hata hivyo, katika safu yetu ya wiki hii tungependa kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa: kufanya siasa na kuisoma siasa. Anayesoma maradhi si mgonjwa. Vivyo hivyo, anayesoma jinsi watu wanavyotawaliwa si lazima awe mgombea wa chochote.

Neno lenyewe lina historia ambayo tumeisahau. Katika Kiswahili cha wazee wetu, kumwendea mtu kwa siasa kulikuwa ni kumwendea kwa upole, busara na hadhari. Neno hili limetujia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kusimamia mambo ya watu, na wanazuoni wa Kiislamu waliliandikia vitabu karne nyingi kabla ya vyuo vikuu vya leo. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alieleza kanuni za utawala na mipaka ya watawala katika kitabu chake al-Ahkam al-Sultaniyya. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alichunguza sababu za dola kuinuka na kuanguka. Qur'ani Tukufu ina sura nzima iitwayo Ash-Shura, yaani mashauriano, na katika Surat an-Naml tunasimuliwa habari za malkia wa Sabaa, aliyewataka shauri wakuu wake kabla ya kukata jambo. Basi elimu hii si ngeni kwetu, na wala kutajwa kwa mwanamke katika mambo ya utawala si jambo geni.

Je, mwanafunzi husomeshwa nini hasa? Katika vyuo vyetu vya Kenya shahada hii kwa kawaida huchukua miaka 4. Mwanafunzi hujifunza fikra za utawala tangu zama za kale, katiba na taasisi za dola, uchaguzi na vyama, uhusiano wa mataifa, utawala wa umma, na uhusiano wa siasa na uchumi. Hujifunza pia utafiti: jinsi ya kuuliza swali, kukusanya maoni ya watu, kusoma takwimu na kuandika ripoti isiyoegemea upande. Sehemu hii ya mwisho ndiyo wanafunzi wengi huikimbia, na ndiyo waajiri wengi huitafuta.

Sisi watu wa Mwambao tuna sababu zetu za kuitaka elimu hii. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar alitia sahihi mapatano yaliyoikabidhi Uingereza utawala wa ukanda wetu. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi ya Pwani aandikishe dai lake. Ile isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ni ya Serikali ya Kiingereza. Wengi hawakuandikisha, na vizazi vyao wangali wakiitwa maskwota hadi leo. Mwezi wa Oktoba 1963 yakatiwa sahihi mapatano mengine baina ya Kenya na Zanzibar, ambayo kwayo Pwani iliingia moja kwa moja katika Kenya huru na mahakama za Kadhi zikawekewa ahadi. Kila mara karatasi ziliandikwa, na kila mara waliozielewa walikuwa wachache mno.

Tazama sasa mfano wa upande wa pili. Palipokusudiwa kujengwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe katika Kaunti ya Lamu, wenyeji waliungana chini ya jumuiya ya Save Lamu. Walisoma ripoti ya athari za mazingira, wakauliza ni nani aliyeshauriwa na lini, na wakapeleka malalamiko yao mbele ya Baraza la Rufaa la Mazingira. Mwezi wa Juni 2019 baraza hilo lilibatilisha leseni ya mradi, na miongoni mwa sababu zake kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ushindi huo ulipatikana kwa watu kujua sheria inawapa haki gani, na kuidai kwa maandishi bila ya kurusha jiwe. Huko ndiko kuijua siasa.

Jambo hilo hilo limo katika bajeti za kaunti zetu. Kwa mujibu wa sheria, serikali ya kaunti hutakiwa kupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, mwelekeo wa matumizi ifikapo 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Mama anayelalamika mwezi wa Agosti kwamba zahanati ya mtaa wake haina dawa amechelewa, kwani fedha zimekwisha kugawanywa. Lau katika kila mtaa kungekuwa na binti mmoja anayezijua tarehe hizi, akawakumbusha kina mama mapema na kuwasaidia kuandika wanayoyataka, manufaa yake yangeonekana kabla hata hajaajiriwa.

Kwa anayeuliza kama mtoto wa Pwani anaweza kufika mbali kwa fani hii, tunamtaja Profesa Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mtihani wake wa shule ya sekondari haukuwa mzuri, na Makerere haikumpokea. Alifanya kazi ya ukarani katika taasisi ya elimu ya Waislamu hapa Mombasa, kisha akapata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Alipata shahada ya kwanza Manchester, ya pili Columbia, Marekani, na ya udaktari Oxford mwaka 1966. Na Makerere ile ile iliyomkataa akiwa kijana ndiyo aliyoisomesha sayansi ya siasa hadi kuwa profesa. Baadaye alisomesha Michigan na Binghamton, Marekani. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa kuzikwa Mombasa. Tunalisisitiza hili kwa wazazi ambao watoto wao hawakupata alama walizozitarajia.

Sasa tuje katika swali la riziki, kwani ni swali la haki. Hatutamdanganya mtu: shahada hii haina mlango mmoja ulio wazi kama uuguzi. Milango yake ni mingi, lakini kila mmoja hutaka kubishwa. Kuna serikali 47 za kaunti na mabunge yake, yanayohitaji makarani wa kamati, watafiti na maafisa wa ushirikishwaji wa umma. Kuna Bunge la Taifa na Seneti. Kuna wizara, ikiwemo ya mambo ya nje. Kuna vyombo vya habari, mashirika ya haki na misaada, na ofisi za Umoja wa Mataifa zilizoko Nairobi. Kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha na Umoja wa Afrika kule Addis Ababa. Wengine huendelea na sheria, na wengine hubaki vyuoni wakisomesha.

Hapa mtoto wa madrasa ana hazina ambayo pengine haithamini. Kiarabu ni mojawapo ya lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa. Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na UNESCO imekitengea tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Anayeanza chuo akiwa na lugha hizo mbili pamoja na Kiingereza, akakiendeleza Kiarabu chake mpaka aweze kusoma gazeti na kuandika barua, amewatangulia wenzake wengi. Tunamnasihi pia asizikimbie takwimu, na asisubiri mwaka wa nne ndipo atafute mahali pa kujifunzia kazi. Ofisi ya mwakilishi wa wadi, kamati ya shule au kituo cha redio mtaani ni mwanzo mzuri. Baada ya kuhitimu, Tume ya Utumishi wa Umma ina mpango wa mafunzo ya kazini kwa wahitimu, nao hutangazwa hadharani.

Kuhusu njia ya kuingia: anayetaka shahada huhitaji wastani wa C+ katika KCSE, na maombi ya nafasi za serikali hupitia KUCCPS. Miongoni mwa vyuo, Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara ya sayansi ya siasa na utawala wa umma. Mwanafunzi asichague kozi kwa jina tu. Na akae na mzazi au mwalimu wake wasome pamoja masomo yanayotakiwa na gharama za kila mwaka. Aliyepata C- anaweza kuanzia stashahada, kisha akapanda.

Kuhusu gharama, jambo moja huzisumbua familia zetu, nalo ni kwamba mkopo wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Fatwa si kazi ya safu hii. Kila familia na imwendee sheikh inayemwamini kabla ya kutia sahihi. Tunaloweza kusema ni kwamba jamii isiyoweka njia nyingine haina haki ya kumlaumu mtoto wa maskini. Kamati za misikiti, vyama vya kina mama na jamaa wenye uwezo wanaweza kuchangia karo ya mwanafunzi mmoja mmoja, na maombi ya basari yafuatiliwe mapema bila ya kuona haya.

Mwisho tunarejea kwa binti. Wazazi wana haki ya kuuliza atakaa wapi, na nani, na atarudi lini. Hayo ni masharti ya ulezi, wala si vizuizi, na binti mwenye akili huyajibu kabla hajaulizwa. Tafuteni hosteli yenye stara na jamaa wa kumtazama, na ajiunge na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu tangu wiki ya kwanza. Lakini akishatimiza masharti, msimwekee jingine la kwamba siasa ni ya wanaume. Katiba yetu inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Mwaka 2022 watu wa Kwale walimchagua Bi. Fatuma Achani, mwanasheria, kuwa gavana wao, wa kwanza mwanamke katika kaunti zote 6 za Pwani. Nafasi hizo zipo na zitajazwa. Ikiwa mabanati wetu hawatatayarishwa, zitajazwa na wengine, nasi tutabaki kulalamika kwamba hatusikilizwi.

Kwa hivyo, mwanao atakapolitaja somo hili, msimkatize. Mwulizeni kwa nini analitaka, na atalitumia kwa manufaa ya nani. Akiwa na jawabu, mshikeni mkono.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, awajaalie uadilifu katika kila amana watakayopewa, na awafanye kitulizo cha macho yetu. Amin. Wabillahi tawfiq.