Washa Kwanza, Lipa Baadaye

Wasee, nitasema bila kuzunguka: ukibadilishiwa prosesa pale River Road ama Luthuli, usitume M-Pesa kabla mashine haijawashwa mbele ya macho yako. Si stika, si boksi, si "buda niamini." Mashine yenyewe itaje iko na nini ndani.

Tunajua vile mambo huenda. Uko na Dell OptiPlex 7010 ya ex-UK yenye i3, unataka kuhariri video, unaambiwa weka i7-3770. Ushauri wenyewe ni mzuri. Soketi ni ile ile, LGA 1155, na unatoka kori 2 hadi kori 4 zenye nyuzi 8 bila kununua mashine nyingine. Kwa mwanafunzi anayejitafutia fee, hiyo ni kumaliza kazi ya mteja jioni badala ya kukesha.

Shida ni kwamba wengi huamini stika, na stika inabandikwa na yeyote mwenye kidole. Hata neno "i7" peke yake halikuambii kitu. i7-5500U ya laptop za 2015 ina kori 2 tu. i3-10100 ya 2020 ina kori 4 na nyuzi 8, sawa na ile i7-3770 ya 2012. Kwa hivyo uliza nambari kamili, kisha uikague.

Kukagua ni dakika chache. Mashine ikiwaka, ingia BIOS: kwa Dell bonyeza F2, kwa HP mara nyingi ni F10. Soma jina kamili, kasi na idadi ya kori. Halafu ndani ya Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, enda "Performance", kisha "CPU". i7-3770 lazima ionyeshe "Cores" 4 na "Logical processors" 8. Ukiona 2 na 4, hiyo ni kitu kingine.

Usitosheke na jina linaloonekana kwa ukurasa wa "About". Windows hulisoma kutoka kwa registry, na mtu anayejua anaweza kuliandika upya. BIOS huliuliza prosesa moja kwa moja, na CPU-Z, programu ya bure, hufanya vivyo hivyo. Beba CPU-Z kwa flashi yako.

Sasa, tuwe fair kwa mafundi. Si kila kasoro ni wizi. Kasi ikishuka hadi 1.6 GHz wakati mashine imetulia, usimrukie mtu, prosesa inaokoa stima tu. Angalia "Base speed", inafaa isome 3.40. Tena kuna madabodi za 2011 zilizotengenezewa kizazi cha pili cha Intel. Ukiweka cha tatu kabla ya kusasisha BIOS, skrini inaweza kubaki nyeusi na prosesa iko sawa kabisa. BIOS husasishwa prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, na kwa stima isiyokatika, kwa sababu stima ikipotea katikati madabodi inaweza kufa.

Lakini mtu akikuambia atatoa i5 kwa laptop yako nyembamba aweke i7, uliza maswali mengi. Laptop nyingi za miaka hii prosesa imechomelewa kwa madabodi. Haichomoki kama ya desktop.

Kuna wale husema kukagua ni kumkosea fundi heshima, ati biashara ya mtaa ni kuaminiana. Mimi naona kinyume. Fundi mkweli akinunua i7 halisi, bei yake lazima ipande. Jirani anayeuza i5 yenye stika ya i7 atauza rahisi. Tusipokagua, tunakimbilia bei ya chini na mkweli anafunga duka. Tukikagua sote, uongo unakosa soko. Na fundi naye analindwa, kwa sababu hutarudi kesho ukidai alikubadilishia prosesa.

Wala si kuomba favour. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na habari anazohitaji kuzihusu. Kwa hivyo baada ya kukagua, risiti iandikwe nambari kamili, "i7-3770", si "CPU" tu.

Fundi akikubali kuwasha, mpe kazi, na umpelekee marafiki. Akianza kukuharakisha, chukua mashine yako utembee hatua kumi. Luthuli haijawahi kukosa duka lingine.