Maktaba si rafu za vitabu tu: wakutubi wapewe nafasi ya kufundisha

Mwezi uliopita nilipigiwa simu usiku kutoka Eldoret. Ni mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Kisauni, yuko mwaka wa tatu chuoni na amepanga chumba mtaa wa Pioneer na wenzake wawili. Alikuwa akilia. Mhadhiri amemrudishia kazi yake na sufuri. Katika marejeleo kumi aliyoorodhesha, manne hayapo duniani. Majina ya waandishi yapo, jarida lipo, mwaka upo, lakini makala yenyewe hayajaandikwa na mtu yeyote. Akili mnemba ilimtungia, naye akanakili.

"Mjomba, wallahi sikujua kama inaweza kusema uongo."

Nikamuuliza: maktabani walikufunza nini? Akanijibu kwamba wiki ya kwanza walitembezwa, zaidi ya wanafunzi mia kwa mkupuo mmoja, wakaoneshwa mlango wa kuingilia, mahali pa kuweka mikoba na meza ya kuazima vitabu. Yeye alikuwa nyuma, hakusikia kitu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena.

Chuo chake sikitaji, kwa sababu tatizo hili si la chuo kimoja. Lakini linauma zaidi kulisikia likitoka Eldoret. Huu ni mji wa vyuo, uliopandishwa kuwa jiji mwaka 2024. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na huko Kesses kina maktaba kubwa inayobeba jina la Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza. Chuo hicho kimekuwa kikisomesha wakutubi tangu miaka ya 1980, na wengi walioko kwenye maktaba zetu nchini wamepitia huko. Chuo Kikuu cha Eldoret nacho kilipata hati yake mwaka 2013. Wataalamu, basi, tunao. Kinachokosekana ni nafasi ya wao kufundisha.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1974 Mmarekani Paul Zurkowski aliandika kwamba mtu anahitaji kufunzwa namna ya kutumia taarifa, kama anavyofunzwa kusoma na kuandika. Tangu hapo wakutubi wa vyuo duniani wamelifanya kuwa somo. Mwanafunzi anafunzwa kujua anachokihitaji, kukitafuta, kukipima na kukitumia kwa uaminifu, huku akimtaja mwenye nacho.

Chukua mfano wa kwetu. Mwanafunzi anataka kuandika juu ya vijana wa Mombasa na dawa za kulevya. Akiachwa peke yake, anaandika swali zima kwenye simu na kuchukua jibu la kwanza. Mkutubi humfundisha kulivunja swali hilo: vijana, heroini, Mombasa. Kisha amtafutie kila neno ndugu zake, maana mtafiti mmoja ataandika heroini na mwingine ataandika mihadarati. Halafu ayaunganishe, apunguze miaka, aingie kwenye hifadhi za majarida badala ya kutangatanga mtandaoni. Akishapata, aulize: nani ameandika, ameyajuaje, nani amemlipa, na wengine wanasemaje?

Hakuna Mwislamu wa Pwani anayepaswa kuona maswali haya kuwa mageni. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuhakikisha habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Wanazuoni wa hadithi walisafiri miji na miji kuchunguza kila msimulizi katika mnyororo. Imamu Bukhari hakupokea maneno kwa sababu tu yamepangika vizuri.

Na wanaonaswa si wanafunzi peke yao. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na akili mnemba. Kama wakili mzoefu ameanguka, mtoto wa miaka 21 atasalimika vipi bila kufunzwa?

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Tangu mwaka 2003 maktaba za vyuo vya Kenya zimeungana katika shirika la KLISC, wakichangia pamoja kulipia majarida ya kielektroniki ambayo chuo kimoja kingelemewa nayo. Chuo kikishampa mwanafunzi nywila, anaweza kuyasoma hata akiwa chumbani Pioneer saa sita usiku. Mpwa wangu hakujua. Ada tumelipa sisi, majarida yamelipiwa, mtoto ananunua bando kwenda kusoma uongo.

Ziara ya wiki ya kwanza haifai kwa sababu rahisi: mwanafunzi hana swali bado. Mafunzo yafungamane na kazi halisi aliyopewa darasani, katika vikundi vidogo, tena yawe na alama, maana wanafunzi wetu hawahudhurii kisichokuwa na alama. Yarudiwe mwaka wa tatu utafiti unapoanza. Hilo linataka mhadhiri akubali kumwachia mkutubi vipindi viwili vya muhula, na wakuu wa vyuo wamhesabu mkutubi kuwa mwalimu, si mlinzi wa vitabu.

Nasema haya nikivitazama pia vyuo vya hapa kwetu, Pwani kule Kilifi na Chuo cha Kiufundi cha Mombasa. Tunao utajiri wetu wa elimu. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza, na ziko mtandaoni bila malipo. Ni wanafunzi wangapi wa Pwani wamewahi kuzifungua? Kitu usichofunzwa kukitafuta ni kama hakipo.

Sisi wazazi nasi tuna lawama. Tunauliza ada, chakula na kodi ya chumba. Tuongeze swali moja: umekaa na mkutubi lini?

Mpwa wangu nilimwambia aende meza ya wakutubi asubuhi yake, aseme ukweli wote. Alikwenda kwa aibu. Mama mmoja wa pale alikaa naye chini ya saa nzima, wakapata makala saba ya kweli juu ya mada yake. Mhadhiri amemruhusu kuirudia kazi, ingawa hatazidi nusu ya alama. Binti ameridhika. Ila ameniuliza swali ambalo sina jibu lake, na nawaachia wenye vyuo: "Mjomba, kwa nini hawakutufunza haya tangu mwaka wa kwanza?"