Gari limekwaruzwa, mtoto yuko wapi?

KATIKA nyumba nyingi za Bariadi zenye gari kuna amri moja ambayo mtoto huijua kabla hajaweza kuhesabu hadi ishirini: usiguse gari la baba. Husemwa asubuhi gari linapofutwa vumbi, husemwa jioni linapoegeshwa chini ya mwarobaini, na mgeni akija na watoto wake nao huambiwa. Mpira upelekwe kule. Baiskeli isipite hapa. Mwenye fimbo ya kuchungia mbuzi aiache getini.

Amri hiyo ina sababu zake. Mwalimu au muuguzi wa mkoa huu aliyenunua Toyota IST au Vitz hakutoa fedha mfukoni kwa siku moja. Ni mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara kwa miaka, au wa SACCOS, au ni pamba ya misimu miwili mizuri iliyojumlishwa na ng'ombe waliouzwa mnadani. Gari lenyewe limetoka Japani likiwa limetumika, likashushwa bandarini Dar es Salaam, likalipiwa ushuru na kodi ambazo mara nyingi hukaribia au kuzidi bei ya kununulia, kisha likaendeshwa zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, likapita Maswa na kufika. Siku linapoingia uani, majirani hutoka nje kulitazama.

Mkoa wa Simiyu wenyewe ulianzishwa mwaka 2012. Wapo watu wazima hapa ambao katika utoto wao wote gari walilolijua kijijini lilikuwa lori la pamba, na fahari ya baba ilikuwa baiskeli iliyoviringishiwa nailoni kwenye fremu ili rangi isichubuke. Nailoni ile haikutolewa mpaka baiskeli yenyewe ilipochakaa. Aliyelelewa katika nyumba hiyo, akiona mstari mweupe kwenye mlango wa gari lake la kwanza, huumia kweli, na asichekwe.

Jambo ambalo wengi hawalijui, au wanalijua na hawapendi kulikumbuka, ni kwamba gari hilo huenda lilifika na mikwaruzo yake. Japani magari mengi yaliyotumika huuzwa mnadani, na gari huambatana na karatasi ya ukaguzi yenye mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya ng'ombe inayoanikwa. Juu ya mchoro huo mkaguzi huandika herufi na namba: A1 ni mkwaruzo mdogo, A2 umezidi kidogo, U1 ni mahali palipobonyea kidogo. Mkaguzi anaandika, mnunuzi anasoma, bei inapangwa, basi. Hakuna anayefoka. Mwenye gari wa Bariadi anayeapa kwamba gari lake lilikuja safi kama yai, akiletewa karatasi yake anaweza kukuta A1 tatu ambazo hajawahi kuziona.

Na Simiyu si mahali gari linapokaa bila alama. Barabara ya lami kutoka Maswa kupita Bariadi hadi Lamadi ni nzuri, lakini nyumba za watu haziko zote juu ya lami. Ukiiacha unaingia kwenye njia za vumbi zenye miiba ya migunga upande huu na uzio wa minyaa upande ule. Ukikutana na ng'ombe wanaokwenda lamboni, unasimama; wanapita wakisukumana, pembe zikigonga mlango. Utamdai nani? Ng'ombe wamekwishapita, na mchungaji ni mtoto wa miaka kumi na miwili anayeshangaa kwa nini gari limesimama katikati ya njia yake.

Hapo ndipo panapoonekana jambo la kustaajabisha. Mkwaruzo wa ng'ombe husamehewa siku ileile. Wa mwiba huitwa "barabara". Ule alioufanya baba mwenyewe akigeuza gari usiku hutajwa kwa ufupi, au hautajwi kabisa. Lakini mkwaruzo wa urefu uleule ukifanywa na mwendesha bodaboda sokoni, unakuwa kesi. Ukifanywa na mke, unakuwa kikao cha wazee. Ukifanywa na mtoto, unakuwa fimbo. Rangi iliyochubuka ni ileile. Kilichobadilika ni kama aliyeichubua anaweza kufokewa.

Ya bodaboda yanajulikana. Mpini umegusa mlango, watu wamejaa, mwenye gari ameshuka na tayari amechomoa funguo ya pikipiki. Pikipiki ikiwa na bima hai ipo njia ya kudai, ila kwa mstari wa urefu wa kidole ni wachache wanaojisumbua kuifuata. Huishia palepale kwa "tuyamalize", na simu ya kijana inabaki mikononi mwa mwenye gari mpaka hela ipatikane. Kinachosahaulika ni kiti cha nyuma. Kuna watoto wawili pale, wamebandika pua kwenye kioo. Wanamwona baba yao, ambaye nyumbani ni mpole, akimwita kijana wa watu mbwa kwa sababu ya alama ambayo wao, walipokaa, hata hawaioni.

Ya mke huongelewa kwa sauti ya chini, ingawa mafundi wa gereji wanayajua vizuri. Wao ndio hupigiwa simu: fundi, njoo haraka, baba watoto anarudi Ijumaa. Mama aliyejifunza kuendesha juzi akagusa nguzo ya geti si lazima awe dereva mbaya. Mageti mengi ya mjini yalijengwa kabla familia haijawaza gari, upana wake ukipimwa kwa mkokoteni. Mume anayemnyang'anya funguo kwa ajili ya bampa anadhani ameokoa gari. Mtoto akishikwa na degedege saa nane usiku, baba akiwa Mwanza, gari litakuwepo uani limeng'aa, na wa kuliendesha hatakuwepo.

Sasa mtoto.

Gari likirudi kutoka Itilima au Meatu wakati wa kiangazi huwa na vumbi zito kama unga. Kwa mtoto aliyeanza darasa la kwanza, mlango ule ni ubao wa bure. Anaandika jina lake, anaandika 5 iliyogeuka nyuma, anachora ng'ombe mwenye miguu mitano. Hajui kwamba chembe za mchanga zilizo chini ya kidole chake zinakwaruza, na kwamba gari likioshwa, jina lake litaendelea kuonekana jua likipiga kwa upande. Mwingine hutumia jiwe, kwa kuwa chaki iko shuleni. Uchunguzi huwa mfupi sana katika kesi hizi: mkosaji ametia sahihi.

Mtoto huyo alitaka asifiwe. Anachokutana nacho ni uso wa baba ambao hajawahi kuuona, na mara nyingine mkanda. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu za kikatili kwa mtoto na inataka namna ya kumrekebisha isizidi kiasi kwa umri wake na hali ya mwili na akili yake. Ni vigumu kuona mkanda kwa mtoto wa miaka sita, kwa kosa la mlango wa gari, unavyoweza kupita katika kipimo hicho. Lakini hata sheria ikiwekwa kando, mtoto wa umri huo hajui mkopo ni nini wala ushuru ni nini. Anachoweza kupima ni kimoja tu: baba alipoambiwa mimi nimeanguka kwenye mkorosho alisema pole, na baba alipoona mlango alitetemeka.

Safari ya pili hatajiandika jina. Atakwaruza kwa bahati mbaya, kwa mpini wa baiskeli au ndoo ya maji, na atanyamaza. Giza likiingia hayupo. Yuko kwa bibi, amekaa nyuma ya jiko, hataki kula. Bibi ndiye huokoa jahazi mara nyingi. "Ng'wanawane, umefanya nini?" huuliza, na kwa kuwa hana gari, huambiwa ukweli. Mzazi ambaye bibi yuko mbali afikirie mtoto huyo ataenda kujificha wapi. Afikirie pia miaka saba mbele, mtoto akiwa na miaka kumi na mitatu na mambo mazito zaidi ya kusema kuliko mlango, akiwa amekwishazoea kunyamaza.

Kwa hiyo kabla ya mkanda, ukucha. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, taratibu. Usiponasa, mkwaruzo uko kwenye tabaka la juu lile la kung'aa, na polishi na kitambaa laini vitauondoa au kuufifisha sana. Ukinasa, umeingia kwenye rangi. Bati likionekana, hapo ndipo pa kufanya haraka, kwa sababu ya kutu. Mvua zikianza, bati tupu halisubiri mshahara. Bampa za magari mengi ya sasa ni za plastiki, hazipati kutu, na likibonyea kidogo, maji ya moto na mkono wa fundi unaosukuma kwa ndani mara nyingi hulirudisha. Asiyejua haya huuziwa puti na rangi ya mlango mzima, rangi isiyofanana na ya mlango wa pembeni, na siku akitaka kuuza gari mnunuzi atamuuliza lilipinduka wapi.

Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kushika kitambaa cha polishi. Asugue yeye, jioni nzima kama ni lazima, baba akiwa amekaa karibu kwenye kigoda. Mkono ukichoka atajua zaidi kuhusu rangi ya gari kuliko alivyojua baada ya fimbo yoyote, na huenda wakaongea.

Yote hayo ni madogo mbele ya kasoro nyingine ya amri ile. "Usiguse gari" inalinda gari. Ni nyumba chache ambazo mtoto ameambiwa mara nyingi vilevile: usisimame nyuma ya gari, usijifiche chini yake, usijifungie ndani jua likiwaka, na ukisikia limewashwa njoo hapa nikuone. Maonyo ya rangi hutolewa mara kumi kwa siku. La uhai husubiri siku ya msiba wa jirani.

Mtoto wa miaka miwili akisimama karibu nyuma ya bampa, dereva aliyekaa kwenye kiti chake hamwoni, si kwenye kioo cha kati wala vya pembeni. Magari mengine yamekuja na kamera ya nyuma, maandishi yake kwa Kijapani na lenzi yake imefunikwa na vumbi la wiki nzima. Gari dogo tu lina uzito wa takriban tani moja. Halihitaji mwendo, kurudi nyuma kwa hatua ya mtu anayetembea kunatosha. Na watoto wakicheza kombolela uani, mahali pazuri pa kujificha kuliko pote ni pale pale.

Halafu kuna yule aliyezoea kufokewa kila akionekana karibu na gari. Akisikia hatua za baba zinakuja, anafanya nini? Wakati mwingine hukimbia. Wakati mwingine huona amechelewa kukimbia, akainama palepale, nyuma ya gurudumu, na kubana pumzi ili asionekane. Baba anafungua mlango akiwa na haraka ya kazini.

Akina baba wengi wa Bariadi wana desturi ya jioni. Gari likishaegeshwa hulizunguka na tochi ya simu, wakiinama kila kona kutafuta mkwaruzo mpya. Mzunguko huo hauchukui hata dakika mbili. Ufanywe na asubuhi, kabla ya kuwasha: ainame kwenye kila gurudumu, atazame chini ya bampa la nyuma, awataje watoto kwa majina mpaka wote waitike. Mdogo ashikwe mkono na mtu mzima, mlangoni, hadi gari litoke getini. Mkubwa azunguke na baba. Wakifika mlango wa kushoto, kama nyumbani kwao kusema hakuna hatari, atanyoosha kidole: hapa, baba, jana, kwa baiskeli.