Haya si kunyamaza: tuliyojifunza Makole tukingoja mtihani wa uchumi

Leo hatuleti pishi wala mshono wa Idi. Tunaandika kutoka Makole, Dodoma, tukiwa na mabega mazito kwa kukesha. Jumatatu tuna mtihani wa Uchumi wa Dunia, na kuna jambo limetukaa moyoni ambalo tunaona kila msichana anayesoma mbali na kwao alisikie kabla hajaingia kwenye chumba cha mtihani.

Tuko wanne. Wawili tumetoka Unguja, mmoja Wete, na mmoja ni mwenyeji wa mkoa huu, mtu wa Kondoa. Tumepanga vyumba viwili nyumba moja. Upepo wa Juni hapa Dodoma si mchezo. Sisi tuliozoea joto la Darajani tunasoma tumejitanda mashuka. Kwa wiki mbili sasa, baada ya Isha, tunakaa mkekani na birika la chai ya tangawizi, pasti pepa za miaka iliyopita zimetandazwa mbele yetu kama karafuu jamvini.

Msimamo wetu tunausema mapema: kinachotuangusha wengi si ugumu wa somo. Ni aibu ya kusema "sijaelewa". Na dawa ya aibu hiyo ni kusoma pamoja, kwa lugha ambayo hatuwezi kudanganyana.

Ilivyoanza

Mwenzetu wa Wete mwaka jana alipata sapu katika somo la uchumi. Hakumwambia mtu. Nyumbani walijua amefaulu, na sisi tunaolala naye chumba kimoja tulijua amefaulu. Alirudia mtihani kimyakimya, akapita kwa shida. Mwaka huu akianguka tena, hesabu zake zinamweka karibu na disko. Ameturuhusu tuyaandike haya, ila jina lake tumsitiri.

Tulikuja kulijua siku tulipowekeana sharti kwamba kila mtu achague mada, aielezee kwa Kiswahili kitupu, kana kwamba anamweleza mama yake anayeuza maandazi. Yeye akapewa sera ya fedha. Akaanza vizuri: bei zikipanda sana, Benki Kuu huongeza riba. Tukamuuliza, kwa nini? Kimya. Tukarudia. Akainamisha kichwa na machozi yakamtoka, ndipo akatueleza habari ya sapu.

Tukataka kumbembeleza, lakini mwenzetu wa Kondoa akatugeuzia swali sisi: "Haya, nyie mnajua kwa nini?" Dada zetu, hakuna aliyejua! Sote wanne tulikuwa tumekariri sentensi moja ya Kiingereza, na kila mmoja akiamini wenzake wanaielewa.

Tukaanza upya

Basi tukalianza somo upya, taratibu. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inaongoza sera ya fedha kwa kutangaza Riba ya Benki Kuu. Kabla ya hapo ilikuwa ikilenga zaidi ujazi wa fedha. Ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huo, ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025. Shabaha yake ni mfumuko wa bei ukae kati ya asilimia 3 na 5.

Riba hiyo inafikaje kwa muuza maandazi? Benki za biashara zikiona fedha zinapatikana kwa gharama kubwa zaidi, na zenyewe hukopesha kwa masharti magumu zaidi. Mwenye duka la jumla anaahirisha mkopo, mwenye kutaka kujenga anasubiri. Pesa zinazokimbilia bidhaa zilezile zinapungua, na bei zinapoa. Si siku moja, inachukua miezi.

Mwenzetu wa Wete ndiye aliyekuja na swali lililotuamsha. Akasema: "Kwetu mwaka ambao karafuu imezaa vizuri, pesa huzagaa na maduka yote yanachangamka. Hapo nafahamu, watu wana pesa, bei zinapanda. Lakini mwaka ambao mchele umepanda kwa sababu ya meli au mvua, kuongeza riba kutaleta mvua?"

Hakika hakuleti. Huo ndio mpaka wa sera ya fedha, na yeye aliuona kwenye shamba la karafuu kabla hajauona kitabuni. Vita vya Ukraine vilipopandisha mafuta duniani mwaka 2022, Benki Kuu yetu haikuwa na kisima cha mafuta. Serikali ilitumia mkono mwingine, ule wa bajeti: kuanzia Juni 2022 ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kupunguza makali ya mafuta. Na mwaka huohuo Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba yake, kutoka karibu na sifuri Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5 Julai 2023. Dola zikavutwa kwao, na huku kwetu zikaadimika. Kumbe mama anayeagiza vitenge alikuwa akilipa gharama ya uamuzi uliofanyika Washington.

Aliyekuwa analia akawa ndiye mwalimu wetu usiku ule.

Serikali ipi?

Swali la pasti pepa lililofuata liliuliza namna sera ya fedha na sera ya bajeti zinavyoshirikiana. Wa Kondoa akajibu haraka: Benki Kuu na Serikali. Sisi wa visiwani tukamuuliza: Serikali ipi?

Juni ni mwezi wa bajeti, na hapa Dodoma hotuba inasomwa bungeni, si mbali na tunapolala. Lakini kwetu kuna bajeti nyengine, inayojadiliwa Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Zanzibar ina kodi zake na matumizi yake. Sarafu na benki kuu ni mambo ya Muungano. Kwa hiyo kisiwa chetu kina mkono mmoja tu wa sera mikononi mwake: hakiwezi kupunguza thamani ya shilingi kwa ajili ya karafuu, wala kupanga riba kwa ajili ya hoteli za Nungwi.

Tukaikumbuka Ugiriki. Ilijiunga na sarafu ya euro mwaka 2001. Madeni yalipoilemea, mwaka 2010 ikaomba kuokolewa, wala haikuwa na sarafu yake ya kushusha thamani. Kwetu si sawasawa, kwa sababu sisi tumo ndani ya nchi moja yenye Muungano. Lakini swali ni lilelile: ukishiriki sarafu na mkubwa kuliko wewe, bajeti yako inabeba mzigo kiasi gani? Tunaamini msichana wa Micheweni ana la kusema kwenye swali hilo kuliko kitabu chochote cha London. Ila atalisema pale tu atakapothubutu kufungua mdomo.

Na riba je?

Tunajua mtatuuliza, kwa sababu hata sisi tumeulizana. Msichana wa Kiislamu anakaaje usiku kucha akisoma riba?

Jibu letu ni kwamba kujua kitu kinavyofanya kazi si kukila. Na asiyekijua hawezi kutetea kilicho bora. Itazameni Uturuki. Mwishoni mwa 2021 benki kuu yake ilikuwa ikishusha riba, kutoka asilimia 19 hadi 14, huku bei zikipanda, na Rais Erdoğan akitaja mafundisho ya dini kutetea msimamo huo. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulivuka asilimia 85. Walioumia zaidi ni wenye mshahara mdogo na wenye akiba ndogo. Ilipofika Machi 2024 riba hiyo ilikuwa imepandishwa hadi asilimia 50.

Hatusemi dini ilikosea, hasha. Tunasema kuipunguza riba ndani ya mfumo uliojengwa juu ya riba si sawa na kujenga mfumo mwengine. Kujenga kunataka watu wanaojua hesabu. Serikali ya Zanzibar ilipozindua sukuk yake mwaka 2025, ilihitajika elimu ya fedha na elimu ya sharia ziketi meza moja. Nani ataketi hapo kwa niaba yetu, kama mabinti zetu wanaogopa hata kuuliza?

Haya na kunyamaza

Hapa ndipo tunapotaka kusema nanyi, hasa akina mama. Tumelelewa kuwa mtoto wa kike mwenye haya hasemi sana. Tunaishukuru malezi hiyo, imetulinda mbali na nyumbani. Lakini tumeipitisha mpaka wake. Tunakaa viti vya nyuma, mhadhiri akiuliza kama tumeelewa tunaitikia kwa kichwa, kisha tunadesa notisi za mwenzetu naye pia hajaelewa. Matokeo yakitoka mabaya, tunayaficha na kuita sitara.

Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Kama haya haikuwazuia wao kuuliza mambo ya twahara, itatuzuiaje sisi kuuliza mfumuko wa bei?

Wapo wanaosema diskasheni za wasichana ni umbea mtupu. Tusiwe waongo, wiki ya kwanza tulimaliza saa nzima kwa harusi ya mtu tusiyemjua. Ndiyo maana tukawekeana taratibu chache, na tunawapa nanyi:

1. Simu zote ndani ya kabati mpaka saa nne usiku.
2. Mada ielezwe kwanza kwa Kiswahili, ndipo iandikwe kwa Kiingereza cha mtihani. Ukikwama kwenye Kiswahili, ujue hujaelewa.
3. Anayesema "sijaelewa" hachekwi. Anayejifanya ameelewa ndiye anayeosha vyombo.
4. Kila sera itafutiwe mtu: anayekopa, anayeuza, anayekosa kazi. Sera isiyo na mtu hukaririwa, na kilichokaririwa huruka mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Tunajua pia kwamba kuna mwenye kufaulu peke yake, na hatumkatazi. Ila mwenye kuzama peke yake hakuna anayemwona, na sisi tulikaribia kumpoteza wetu hali analala godoro la pili.

Juzi usiku luku ilikatika tukiwa katikati ya urari wa malipo. Tukaendelea gizani bila karatasi. Mwenzetu wa Wete akasema, tena bila kuulizwa: "Ngojeni, hapo sijaelewa." Tukafurahi kuliko tungesikia amepata alama mia.

Jana amempigia mama yake akamweleza habari ya sapu yote. Mama alinyamaza kidogo, kisha akamuuliza kama amekula.

Jumatatu saa tatu asubuhi tunaingia. Hatujui matokeo, hayo ni ya Mwenyezi Mungu. Nyinyi tuombeeni wepesi, na leo hii mpigieni simu binti yenu aliye masomoni. Msimuulize amepata ngapi. Muulizeni ni kitu gani bado hajakielewa, kisha mwacheni aseme.