Mnacheka Digrii ya Vidudu?

Juzi kijiweni kwetu Temeke tumemcheka dada mmoja mpaka machozi. Kosa lake? Anasoma shahada ya elimu ya awali pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. "Miaka mitatu chuo kikuu kusomea vidudu! Si hata bibi yangu angefundisha?" Waliocheka zaidi ni sisi wenye madaftari ya riwaya kwapani. Nami nilicheka, nisionekane mnoko. Na mimi ndiye niliyepaswa kunyamaza kuliko wote.

Maana nilipomaliza Kidato cha Nne, na cheti cha kuficha uvunguni, kazi ya kwanza niliyopata ni hiyo hiyo. Shule ya vidudu, chumba kimoja cha kupanga, watoto zaidi ya 50. Hakuna aliyeniuliza najua nini. Nikapewa boksi la chaki na fimbo, basi, ticha. Watoto wangu waliimba moja hadi ishirini kama kasuku, wazazi wakichungulia dirishani na kupiga makofi. Siku moja nikamwambia mtoto wa miaka mitano aniletee kokoto nne. Akaniletea konzi nzima. Nikamchapa. Ujinga ulikuwa wangu, viboko akala yeye.

Dada huyo huyo alikuja pale kwa mazoezi ya kufundisha. Akawatoa watoto nje, chini ya mwembe. Kokoto moja, jani moja. Kokoto mbili, majani mawili. Yule niliyemchapa alipanga nne kabla ya saa ya uji. Wala hayakuwa mapumziko yale, jamani. Dada alikuwa na daftari, anaandika nani ameshikaje kijiti cha kuchorea mchangani, nani haongei na wenzake, nani anahesabu kwa mdomo tu. Hicho ndicho anachosomea! Mimi nilikaa pembeni nikaona watoto wanachafuka.

Mjerumani Friedrich Fröbel alipozipa jina shule za namna hii mwaka 1840, alisema Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Bustani, si stoo. Na kwetu, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi. Lakini wazazi walikuja juu: "Ada tunalipa mtoto akachezee mchanga?" Mwenye shule akawarudisha ndani. Mwembe umekatwa, pale sasa kuna fremu za maduka.

Nanyi waandishi wenzangu mnaolia kila siku kwamba Watanzania hawasomi vitabu, mlitaka msomaji aanzie wapi? Kwenye chumba kile, na fimbo yangu? Mtoto aliyechapwa kwa sababu ya kokoto nne mtamuuzia riwaya ya kurasa 200?

Yule mtoto yuko darasa la kwanza sasa. Akiniona barabarani, anavuka upande wa pili.