Mvua Ikinyesha, Nauli Hupanda

Mtoto anayekulia Thika huziona kazi kwa macho yake kabla hajazijua kwa majina. Huwaona mafundi wa jua kali wakikunja mabati, vibarua wakimiminika malangoni mwa viwanda zamu inapobadilika, na akitoka kidogo nje ya mji huona mananasi ya Del Monte yakitanda hadi macho yachoke. Mwenzake wa Ruiru huona mibuni iliyosalia na magorofa yanayoipokonya ardhi. Lakini ni wachache mno kati yao waliowahi kumwona mwandishi wa programu akiwa kazini. Fundi huyo hana karakana yenye mlango wazi, wala nyundo inayosikika barabarani.

Toleo hili linataka kuufungua mlango huo. Hoja yetu ni moja: mtoto aonyeshwe kazi kabla ya kuonyeshwa mshahara. Shuleni, siku ya taaluma, mgeni hueleza jinsi kompyuta zinavyolipa, watoto hupiga makofi, kisha hurudi darasani wasijue mtu yule hushinda akifanya nini.

Vifaa havikukosekana kabisa. Mwaka 2016 serikali ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi, na sehemu ya shehena hiyo ilipitia mikononi mwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, pale Juja, katikati ya miji yetu miwili. Hatimaye vilizidi milioni 1 nchini kote. Aprili 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ikaidhinisha mtaala wa usimbaji wa kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na za sekondari. Tunazithamini hatua hizo. Hata hivyo, mtoto anaweza kubonyeza kioo mwaka mzima asiulize ni nani aliyeamua kitakachotokea akikibonyeza.

Swali hilo halihitaji hata umeme. Niliketi na watoto wa Gredi ya 5 karibu na Ruiru, tukiwa na ubao na chaki. Niliwaomba waandike maagizo ya mashine itakayokuwa makanga wa matatu kutoka Ruiru hadi Thika, mashine isiyojua lolote ila ilichoambiwa. Kanuni ya kwanza ilikuja upesi: kila aliyemo ndani alipe shilingi 80. Ya pili waliisema kwa pamoja, maana kila mtoto wa Thika Road anaijua: mvua ikinyesha, nauli hupanda. Wakaandika 120. Hapo walikuwa wameandika sharti, ambalo bila hilo hakuna programu inayoweza kuamua chochote.

Kisha msichana mmoja akauliza, “Na mtoto aliyepakatwa?” Darasa likanyamaza. Mashine yao ilikuwa imemtoza nauli mtoto mchanga. Wakafuta, wakaandika upya, wakaijaribu tena. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Fundi wa programu hushinda akimtafuta mtoto aliyepakatwa, yule ambaye kanuni ilimsahau.

Ndiyo maana jambo hili linapita ajira. Anayeandika kanuni ndiye anayeamua nani alipe, nani asubiri, nani afungiwe nje. M-Pesa, tunayojivunia tangu 2007, ilianza kwa programu iliyoandikwa na kampuni ya Sagentia ya Uingereza, na mitambo yake haikuhamishiwa Kenya hadi 2015. Hakuna aibu katika hilo. Kila ufundi huanza kwa kumtazama aliyetangulia. Aibu itakuwa yetu tukiwalea watoto wanaojua kutuma na kupokea tu, wasithubutu kutunga.

Wazazi wengine hutuuliza: kwa nini tuwasumbue watoto, nayo akili unde imeanza kuandika programu? Akili hiyo huandika inachoombwa. Asiyeweza kumfikiria mtoto aliyepakatwa hatamkumbuka anapoomba.

Wala tusiwaahidi watoto miujiza ya wiki mbili za likizo. Wakulima wa kahawa wanaujua mbuni wa Ruiru 11, uliotolewa mwaka 1985 na watafiti wa kituo cha kahawa cha hapa Ruiru. Walichavusha na kuchagua kwa zaidi ya miaka 10 hadi wakapata mti unaostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mtoto naye apewe misimu yake. Akikosea, asipigiwe mstari mwekundu na kuachwa. Arudishiwe kazi yake alitafute kosa mwenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba mafundi wa programu mnaoishi kando ya Thika Road: mkaribisheni mtoto Jumamosi moja, aketi ubavuni penu, na aione hata siku ambayo programu imegoma. Walimu, anzeni na chaki mliyo nayo. Wazazi, binti akifungua redio ya nyumbani kutaka kujua sauti inatoka wapi, msimkemee kabla ya kusikiliza swali lake.

Siku ile kengele ililia mvulana mmoja akiwa bado ameinua mkono. “Na mvua ikianza tukiwa tumeshafika Juja?” Wenzake wakamrukia, wengine wakisema nauli ni nauli, wengine wakishikilia kwamba aliyepanda jua likiwaka alipe nauli ya jua. Walitoka wakibishana hadi langoni. Toleo hili ni lao.