Si Mtandao, na Kuwasha Upya Si Dawa

Sisi wa Morogoro tuna kisingizio ambacho miji mingine haina. Wingu likishuka Uluguru likaifunika minara ya Bondwa, kila kilichogoma kwenye kompyuta hupewa jibu moja: mtandao. Mwanafunzi kalipa ada, ujumbe wa benki umeingia kwenye simu, lakini ukurasa wa chuo bado unamdai. Watu wanautazama mlima, wanamwambia asubiri. Kesho yake fundi anawasha seva upya, madeni ya wengi yanafutika, na wote wanaamini ugonjwa umepona.

Mimi siamini. Kama mtandao umekufa, huo ukurasa unaomdai umefikaje kwenye simu yake? Kilichoganda ni kingine: programu ya nyuma ya pazia, ile inayochukua kazi moja moja kwenye foleni, kuandika malipo au kutuma ujumbe, bila mtu kuiona. Ukitazama orodha ya michakato utaikuta hai. Ila haifanyi lolote. Foleni inarefuka, na logi haina hata mstari mmoja wa kosa.

Wakati mwingine chanzo ni maktaba mbili za msimbo zisizoelewana. Watu wa Python wanaijua jozi ya gevent na psycopg2. Gevent hubadilisha namna Python inavyosubiri, ili kazi moja ikingoja nyingine ipite. Lakini psycopg2, inayozungumza na hifadhidata ya PostgreSQL, imeandikwa kwa C, mahali ambapo mkono wa gevent haufiki. Jibu la hifadhidata likichelewa, kazi zote zilizo kwenye mchakato ule zinasimama. Kila maktaba ikiwa peke yake ni nzima kabisa. Ndiyo maana ikatungwa maktaba ndogo, psycogreen, ambayo kazi yake ni kuzipatanisha.

Kuna mgando mwingine mgumu zaidi kuung'amua. Kwenye Linux mchakato huweza kuzaa mwingine kwa fork: mtoto anapata nakala ya kumbukumbu yote ya mzazi, lakini anapata uzi mmoja tu wa utekelezaji (thread), ule ulioita fork. Ikiwa maktaba fulani ilikuwa na uzi wake pembeni, na uzi huo ulishika kufuli dakika ileile, mtoto anarithi nyumba yenye mlango uliofungwa, na mwenye ufunguo hakuja naye. Atabisha mpaka auawe. Python 3.12, mwaka 2023, ilianza kutoa onyo juu ya jambo hili; 3.14, mwaka 2025, ikaacha fork kuwa njia ya kawaida ya moduli ya multiprocessing kwenye Linux. Watengenezaji wa Python hawakufanya hivyo kwa sababu ya mawingu.

Nakubali, mtandao nao una lawama zake. Soketi isiyowekewa ukomo wa kusubiri inaweza kuigandisha programu vilevile. Lakini utajuaje? Kwa kuchungulia kabla ya kugusa. Amri ya py-spy dump, ukiipa namba ya mchakato, inakuonyesha kila uzi umesimama kwenye mstari gani: kwenye kufuli, au kwenye soketi. Ukiwasha upya, ushahidi huo umeufuta kwa mkono wako.

Na si ushahidi peke yake. Celery, maktaba ya Python inayoendesha kazi za foleni kama hizo, usipobadilisha mipangilio yake, huihesabu kazi kuwa imepokewa kabla tu ya kuianza. Ukiuua mchakato kwa nguvu, kazi iliyokuwa mkononi imepotea. Nilisema madeni ya wengi yanafutika. Yule mmoja anayebaki akizunguka na risiti kutoka dirisha hadi dirisha, huenda malipo yake ndiyo yaliyokuwa mkononi.

Wapo wanaosema dawa ni kusasisha maktaba zote kwa mkupuo. Hao wanabadilisha ishirini ili kuitafuta moja, na kesho programu ikiganda tena hawatajua waanzie wapi.

Fundi uliye zamu, ipige py-spy kwanza, uhifadhi majibu yake, andika kazi gani ilikuwa mkononi. Baada ya hapo washa upya, na mwanafunzi yule usimwambie arudi Jumatatu.